Jawabu Mbele ya Mwenye Kazi

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Ama baada: kijana wa Rangwi ashukapo Lushoto kutafuta kazi huulizwa, "Waweza nini?" Je, kujisifu si kiburi? Nabii Yusuf, alayhi ssalaam, mbele ya mfalme wa Misri alitaja sifa zake mbili, kuhifadhi na kujua, kwa kuwa hazina yataka mlinzi mjuzi. Basi kutaja sifa ya kweli penye haja si kiburi. Lakini asiyejua hesabu akidai ajua, ameuza asichokuwa nacho, na ujira wake umeingia khiyana. Na aulizwapo upungufu wake, autaje ulio kweli na namna ajitengenezavyo. Neno "sijui" halifungi riziki. Mwenye kuruzuku ni Mwenyezi Mungu. Wallahu aalam.