Je, Mashine Yaweza Kuvunja Ahadi?

Msomaji wetu mmoja aishiye Nangwa, wilaya ya Hanang, ametuandikia kuuliza jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana dogo, lakini kadiri tulivyolitafakari ndivyo lilivyozidi kutushughulisha. Anasema kwamba alikopa shilingi 80,000 kwa jirani yake ili anunue mbegu za mahindi, akaahidi kulipa siku ya Ijumaa kabla shule hazijafunguliwa, kwa kuwa jirani alizihitaji kumsafirisha mtoto wake aliyekuwa akienda kuanza kidato cha kwanza. Fedha ilikuwapo tayari. Siku ya Jumatatu akaiambia programu ya akili mnemba iliyomo katika simu yake imkumbushe Ijumaa asubuhi. Programu ikajibu kwa Kiswahili safi kabisa: "Sawa, nitakukumbusha." Ijumaa ikapita kimya. Yeye alikuwa shambani tangu alfajiri, akasahau. Jirani, kwa haya, hakuja kudai. Jumamosi akapeleka mnadani mbuzi jike mwenye mimba, akamwuza kwa bei ya mtu mwenye shida. Jumapili jioni mdaiwa akakumbuka, akaenda mbio, akalipa deni lote.

Sasa anauliza: "Je, mashine ile ilisema uwongo? Na lawama ni yangu au ni yake?"

Ndugu msomaji, tusikimbilie kujibu. Kwanza yatupasa kufahamu ni nini hasa kukumbuka jambo ambalo wakati wake haujafika. Ukiulizwa jana ulikula nini, swali lenyewe lakusaidia kukumbuka. Lakini jambo uliloazimia kulifanya kesho halina mtu wa kukuuliza. Yakupasa, katikati ya shughuli nyingine, ukumbuke kwamba kuna jambo la kukumbuka. Mwaka 1990 wataalamu wawili wa Marekani, Einstein na McDaniel (si yule Einstein wa fizikia), walitenganisha aina mbili za ukumbusho huu. Moja hufungwa katika tukio: "nikimwona fulani nitampa ufunguo wake." Nyingine hufungwa katika wakati: "saa nne nitakwenda." Ya kwanza kwa kawaida ni nyepesi kwetu, kwani kumwona fulani kwatugutusha. Ya pili ni nzito, kwa sababu saa nne haina uso. Ndiyo maana bibi zetu walifunga fundo katika pembe ya kanga. Fundo lenyewe halijui lolote. Kazi yake ni kugusa kidole tu.

Basi kengele ya simu ni fundo la namna hiyo. Ndani ya simu mna kipande kidogo cha fuwele kinachotetemeka mara 32,768 kwa kila sekunde, nacho huendelea kuhesabu hata kioo kinapokuwa kimezimwa. Ukiweka kengele ya saa kumi na moja alfajiri, simu haikeshi ikikungoja kama mama anavyomngoja mwanawe aliyechelewa. Inaandika namba mahali fulani. Hesabu ya saa inapoifikia namba ile, sehemu nyingine ya simu huamshwa. Kompyuta kubwa zilifanya jambo lililo karibu na hilo tangu miaka ya 1970: katika mfumo uitwao Unix iliwekwa programu iitwayo cron, ambayo mwaka 1979 ilikuwa ikiamka kila dakika, ikisoma orodha ya kazi, ikitenda lililofikiwa na wakati wake, kisha ikilala tena. Twaona basi kwamba mashine zikumbukazo vizuri hazikumbuki kwa kushika jambo moyoni. Zimeliandika nje, na zimewekewa kitu cha kuziamsha.

Lakini programu iliyozungumza na ndugu yetu ni ya namna nyingine. Programu hizi hutunga maneno, neno baada ya neno, kwa kufuata maandishi yaliyowekwa mbele yao. Ukiuliza, hufanya kazi. Wakimaliza kujibu, kazi imekwisha. Baina ya swali lako la Jumatatu na swali lako lijalo hakuna mtu ndani yake anayetazama kalenda. Ili iweze kukukumbusha Ijumaa, lazima iunganishwe na saa na orodha iliyo nje yake, kama ile cron. Kampuni ya OpenAI ya Marekani ilianza kuwapa baadhi ya wateja wa ChatGPT uwezo wa kupanga kazi za siku zijazo mnamo Januari 2025 tu, ilhali programu hiyo ilitolewa kwa watu Novemba 2022. Na si kila programu ya namna hii imeunganishwa hivyo hata leo. Pale ambapo muunganisho haupo, neno "nitakukumbusha" latoka kwa sababu ndivyo wanadamu wajibuvyo wanapoombwa, na programu imejifunza kutokana na maandishi ya wanadamu.

Kwa hiyo, je, ilisema uwongo? Uwongo ni kutaka mwenzako aamini usiloliamini wewe. Hatuoni kwamba mashine ile ilikuwa na imani yoyote ya kuificha. Lakini tusiiachilie haraka hivyo, kwani neno lake lilikuwa na sura ya ahadi na ndani hapakuwa na kitu. Walioitengeneza na kuiacha itamke ahadi isizoweza kuzitimiza, hao ni watu, wana imani na wana elimu, nao hawawezi kusema hawakujua. Katika Sura Al-Kahf twafundishwa tusiseme juu ya jambo lolote kwamba tutalifanya kesho bila kulifunga katika mapenzi ya Mwenyezi Mungu, na papo hapo twaambiwa tumkumbuke Mola wetu tunaposahau. Anayesema Inshallah kwa moyo anakiri kwamba kesho haimo mkononi mwake, kisha hujitahidi. (Wengine wetu tumelifanya neno hilo kuwa mlango wa nyuma wa kutokea, lakini hiyo ni habari nyingine.) Mashine ile ilisema "nitakukumbusha" bila shaka yoyote na bila juhudi yoyote.

Sasa tuje kwenye sehemu ya pili ya swali, nayo ndiyo nzito. Wapo watakaosema kwamba kosa la ndugu yetu lilikuwa kuikabidhi mashine kumbukumbu yake, na kwamba mtu mwaminifu hushika ahadi zake kichwani. Hatukubaliani nao. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani Tukufu, iliyomo katika Sura Al-Baqara, yahusu jambo hili hili: deni la muda maalumu. Waumini wanaagizwa waliandike, dogo au kubwa, wawe na mwandishi mwadilifu na mashahidi, ili mmoja akikosea mwingine amkumbushe. Mwenyezi Mungu aliyemwumba mwanadamu ajua kwamba kichwa chake ni kikapu chenye matundu. Kuiweka kumbukumbu nje ya kichwa si aibu.

Hata hivyo tazama mikopo ya siku hizi ya simu. Huko Kenya, tangu Januari 2019, ipo huduma iitwayo Fuliza: mtu akipungukiwa, M-Pesa humkopesha; na fedha yoyote iingiapo baadaye katika simu yake, deni hukatwa papo hapo. Hapa pana azimio lililofungwa katika tukio, na mashine hulitimiza bila kukosa. Lakini ni nani aliyelipa? Mdaiwa alikubali mara moja kwa kubonyeza kidole, na tangu hapo hakuhitajiwa tena. Yaweza kuwa fedha iliyoingia ilikuwa ya dawa ya mtoto. Mashine haiulizi.

Mfano mwingine watugusa zaidi. Mwaka 2012 ilianza hapa Tanzania kampeni ya Wazazi Nipendeni. Mama mjamzito alijiandikisha kwa simu bila malipo, akataja umri wa mimba yake, na tangu hapo akapokea ujumbe kwa kadiri mimba ilivyokua: nenda kliniki, tumia chandarua, jiandae kwa safari ya hospitali. Hiyo ni kazi njema, nasi hatuna neno la kuilaumu. Lakini fikiri, ndugu msomaji, juu ya mama ambaye mimba yake imeharibika, na katika msiba ule hakuna aliyekumbuka kuiarifu kompyuta. Mashine iliyopewa tarehe tu yahesabu wiki, na wiki ifikapo yamwambia ajiandae kumpokea mtoto. Haikusahau chochote. Imekumbuka kikamilifu jambo ambalo halipo tena. Mkunga wa kijiji angeliona uso wa mama mlangoni, naye angelinyamaza.

Hapa ndipo tunapoona ni kitu gani kinachokabidhiwa na kitu gani hakikabidhiwi. Saa, tarehe na maneno vyaweza kuandikwa katika daftari au simu. Lakini kujua kwamba nyuma ya Ijumaa ile kulikuwa na mtoto mwenye sanduku la shule na baba anayeona haya kudai, hilo halikuandikwa popote. Ndugu yetu alipoiambia programu "nikumbushe", aliipa maneno matatu au manne. Yaliyobaki yalikuwa yake. Mtume Mtukufu s.a.w. alifundisha kwamba aliyesahau Sala aisali akumbukapo. Hakusema kwamba kusahau kumeifuta Sala.

Kwa hiyo, ndugu yetu wa Nangwa, jibu letu ni hili. Mara nyingine utumie kengele ya kawaida ya simu, na ukitaka kuitumia programu ile, iulize kwanza imeandika wapi na itaamshwa na nini. Lawama ya ahadi tupu ni ya walioitengeneza. Lawama ya Ijumaa ni yako, japokuwa si ya uovu. Hatusemi kwamba kadhi angekuhukumu ulipe zaidi ya zile 80,000. Lakini mnada ule unaujua, na bei ya mbuzi mwenye mimba asiyeuzwa kwa shida unaijua pia. Jirani yako hatakudai tofauti hiyo, kama ambavyo hakudai deni. Mpelekee, na umwombe radhi kwanza. Habari za simu umweleze baadaye, akiuliza.