Mpiga Kura Aliyevunjika Moyo

Msomaji, upande wa mashariki wa jiji la Nairobi uko mtaa uitwao Shauri Moyo. Jirani zake ni Pumwani, soko la Gikomba lijulikanalo kwa nguo za mitumba, na Kamukunji, ambako mafundi wa jua kali hufua bati tangu asubuhi hata jioni. Jina la mtaa huu ni fundisho peke yake: lamwambia kila apitaye ashauriane na moyo wake. Lakini moyo ukiwa umevunjika, shauri lake huwa lipi?

Mfikirie mkaazi wa mtaa kama huo ambaye amepiga kura mara nne au tano. Kila mara aliahidiwa mitaro, maji na taa. Kila mara mvua inyeshapo hupita matopeni gizani. Siku ya uchaguzi ifikapo tena, husema, "Safari hii siendi. Wote ni wamoja." Je, mtu huyu yampasa kwenda? Mimi nasema yampasa. Walakini si haki kumhukumu kabla ya kumsikiliza, maana uchungu wake si wa uongo.

Historia ya nchi yake yamshuhudia. Mwaka 1988, katika uteuzi wa wagombea wa KANU, chama pekee kilichoruhusiwa wakati huo, wapiga kura walipangwa mlolongo hadharani, na mahali pengi mwenye mstari mfupi alitangazwa kuwa mshindi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,000 waliuawa, na mamia ya maelfu walikimbia makwao. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa rais. Mtu aliyeyaona hayo yote kisha akasema kwamba kura ni mchezo, hakusema neno la mpumbavu. Alisema neno la mtu aliyeumizwa. Lakini aliyeumizwa naye aweza kukosea dawa.

Kosa lake la kwanza ni kudhani kwamba akikaa nyumbani, kiti nacho kitakaa kitupu. Oktoba 26, 2017, uchaguzi wa rais uliporudiwa, upinzani ulisusia, na waliojitokeza walikuwa chini ya nusu ya waliojiandikisha. Mshindi alipata asilimia 98 ya kura, akaapishwa. Tena huo ulikuwa mgomo wa wengi, uliotangazwa na kutolewa sababu, hata kila mtu akajua maana yake. Sembuse ukimya wa mtu mmoja mmoja? Aliyekaa nyumbani kwa uchungu, aliyelala kwa uvivu na aliyekuwa safarini huhesabiwa pamoja katika tarakimu moja. Hapana awezaye kuisoma tarakimu hiyo akajua nani alikuwa na uchungu na nani alikuwa na usingizi.

Tazama mwaka 2022. Waliojiandikisha walikuwa zaidi ya milioni 22, na zaidi ya milioni 7 kati yao hawakupiga kura. Tofauti baina ya mshindi wa urais na aliyemfuata ilikuwa kura 233,211. Sisemi kwamba wale waliokaa wangaligeuza matokeo. Hapana ajuaye hilo. Na hapo ndipo penye hoja yangu: hapana ajuaye walitaka nini. Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo.

Utaniuliza, msomaji, "Na kura ikiibwa?" Swali hili ni zito, nalo lastahili jibu la vitendo. Sheria ya Kenya inasema kituo kimoja cha kupigia kura kisizidi watu 700. Kura huhesabiwa palepale mbele ya mawakala wa wagombea, kisha fomu ya matokeo hubandikwa mlangoni. Mwaka 2022 fomu za urais kutoka vituoni zilitiwa katika mtandao wa intaneti, hata mwananchi wa kawaida akaweza kujumlisha mwenyewe. Njia hizi hazikushuka kutoka mbinguni. Zilipatikana kwa sababu watu walipiga kura, wakatilia shaka hesabu, wakadai. Kura iliyopigwa huacha alama ambayo yaweza kufuatwa hata mahakamani. Kura isiyopigwa haihitaji kuibwa, na mwenyewe hana ushahidi wa kuleta.

Kosa la pili ni lile neno, "Wote ni wamoja." Wote ni akina nani? Tangu uchaguzi wa 2013, mpiga kura hupewa karatasi 6: ya rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge, na mjumbe wa bunge la kaunti. Aliyekata tamaa aghalabu huwa amemkasirikia mmoja wa kwanza, akawaachia wengine watano bila kuwatazama. Na kwa Katiba ya 2010, masoko, uzoaji wa takataka, zahanati na shule za chekechea ni kazi za kaunti. Yaani mengi yanayomsumbua kila siku mkaazi wa Shauri Moyo yamo katika karatasi asizozifikiria, na katika wadi kura mia chache zaweza kumpandisha mtu au kumshusha.

Sasa tuwakumbuke waliotutangulia, maana wao walikuwa na sababu kubwa kuliko zetu za kukata tamaa. Shauri Moyo ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930, wakati wakaazi wa kijiji cha Pangani walipokuwa wakiondolewa makwao. Hawakuwa na kura ya kusema ndiyo wala la. Machi 1957, Waafrika wa Kenya waliporuhusiwa kwa mara ya kwanza kuwachagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria, walipewa viti 8 tu. Haki ya kupiga kura ilipimwa kwa elimu, mali, mapato na utumishi: mtu mmoja aliweza kuwa na kura 3, na wengi hawakuwa na hata moja. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitakiwa kwanza kuwa na hati ya utiifu kwa serikali. Je, kuna uchaguzi uliostahili kususiwa kuliko huo?

Walakini waliokuwa na kura walikwenda. Nairobi ilimchagua Tom Mboya. Yeye na wenzake 7 walikataa kuchukua uwaziri, wakavitumia viti vile vichache kudai vingi zaidi. Mwaka 1958 Waafrika waliongezwa viti 6, na Mei 1963 kila mtu mzima alipiga kura moja, sawa na mwenzake. Hawakuenda kwa sababu uchaguzi ulikuwa mwema. Walikwenda ili uchaguzi mbaya uzae ulio bora.

Husemwa leo kwamba barabara ina nguvu kuliko sanduku la kura. Juni 2024 vijana wengi waliandamana kupinga Mswada wa Fedha, baadhi yao wakapoteza maisha, na mswada ukaondolewa. Ushujaa ule sitaudharau. Lakini tufikiri: wabunge walioupitisha walifikaje bungeni? Maandamano yaweza kuizuia sheria mbaya mlangoni. Kuiandika iliyo njema kwahitaji watu waketio ndani. Na mwaka 2022 vijana wa miaka 18 hadi 34 walikuwa chini ya asilimia 40 ya waliojiandikisha, tena wachache kuliko wa 2017. Walioumizwa zaidi na mswada ule walikuwa pia miongoni mwa walioliacha daftari la wapiga kura likiwa na nafasi tupu.

Kura si zawadi ya kumpa mgombea tumpendaye, wala si dua ya kuleta muujiza. Ni chombo, kama nyundo ya fundi wa Kamukunji. Nyundo ikikosa bati ikampiga kidole, fundi hulia, hufunga kidole chake, akaishika tena; maana akiitupa, bati litabaki bapa na watoto watalala na njaa. Wala nyundo peke yake haitengenezi sufuria: kazi yataka jicho, subira na kurudia. Vivyo hivyo, apigaye kura kisha akalala miaka 5 asistaajabu kukuta ahadi zimelala pamoja naye. Ahudhurie mikutano, aulize hesabu, akumbuke majina.

Wewe msomaji, utakapotimiza miaka 18, utapata kitambulisho na utaweza kujiandikisha. Huenda utamkuta mzazi au jirani aliyechoka akikwambia usijisumbue. Msikilize kwa heshima, kwa kuwa ameona mengi. Kisha ushauriane na moyo wako, kama jina la mtaa ule linavyoagiza, ukiuuliza swali moja: nikikaa, ni nani atakayesema lililo langu?