G Ni ya Nani?

Kofia yenyewe niliinunua Toi, Jumamosi asubuhi, shilingi 250 baada ya kubishana kidogo. Nyeusi, na pindo la rangi ya dhahabu, na mbele herufi moja tu: G nene, iliyokaa ndani ya umbo la yai. Muuzaji aliniapia kwamba ni kamera, imetoka kwenye belo asubuhi hiyo hiyo. Nikamuuliza G ni ya nini. "Si ni Gor, boss. Wewe vaa tu." Jioni, jamaa wa boda aliyenifikisha nyumbani alikuwa na maoni yake: G ni Githurai, na hakutaka mjadala.

Niliivaa miezi mitatu bila kujua ni ya nani, na bila kujali. Halafu Desemba binamu yangu akaja likizo kutoka Marekani. Alisomea Chuo Kikuu cha Georgia, mji unaoitwa Athens, na akatua nyumbani na jaketi jekundu lenye G ile ile, umbo lile lile. Tulikuwa kwa mamake, shangazi yangu, Kahawa West, chapati ziko kwa moto. Akanitazama kichwani akaanza kucheka.

"Cuzo, hiyo umeuziwa. Feki. G yetu ni nyekundu na nyeusi."

Nyumba nzima ikacheka. Shangazi akasema, "Mwachie ndugu yako kofia yake." Mimi pia nikacheka, maana ungefanya nini? Lakini nikaivua, na haikuwa kwa sababu ya joto.

Kilichoniuma si neno "feki". Sisi tuliokulia mitumba tumeitwa hivyo na hatujafa. Kilichoniuma ni "yetu". Mwaka tuliomaliza shule, mimi na yeye tulijaza fomu za vyuo vya huko tukiwa tumekaa kwenye kochi moja. Wote wawili tulikubaliwa, vyuo tofauti. Harambee ikafanywa. Pesa zilizopatikana zingetosha tiketi moja na muhula mmoja wa mtu mmoja, na yeye ndiye alikuwa amepata nusu ya karo. Hesabu ilikuwa sawa, hata mimi ningeamua hivyo hivyo. Lakini miaka yote hiyo sijawahi kumwambia mtu kwamba barua yangu ya kukubaliwa bado iko ndani ya kabati. Kwa hivyo aliposema "yetu", mimi nilisikia geti likifungwa.

Usiku nikakaa na simu nione G ni ya nani hasa. Nilitaka kumpata na kosa, sitajifanya.

Ilianza Green Bay, mji mdogo wa baridi kule Wisconsin, mwaka wa 1961. Timu ya Packers haikuwa ya chuo hata kidogo, ni timu ya kulipwa. Kocha Vince Lombardi alitaka nembo ya helmeti. Kazi ikamwangukia mtunza vifaa wa timu, Gerald Braisher, naye akasaidiwa na mwanafunzi wa sanaa, John Gordon. Wakaivuta G mpaka ikafanana na mpira wenyewe wa Kimarekani.

Mwaka wa 1964 Georgia ikapata kocha mpya, Vince Dooley, aliyetaka sare mpya pia. G yao ilichorwa na Anne Donaldson, msanii aliyekuwa mke wa mmoja wa makocha wasaidizi. Ilipokamilika, ikaonekana inafanana mno na ile ya Green Bay. Dooley akawaomba Packers ruhusa, wakampa. Na Grambling, chuo cha Weusi kule Louisiana, wao pia wanavaa G hiyo, wao pia kwa ruhusa ya Packers. Rangi zao ni nyeusi na dhahabu. Yaani kofia yangu.

Saa saba usiku nikamtumia binamu ujumbe: "Hata hiyo yenu ni ya kuomba." Akanijibu na vikatuni vitatu vya kucheka. Nikalala nikiwa nimeshinda, na asubuhi nikaamka nikiwa bado nimeumia. Hapo ndipo nilipoanza kufikiri vizuri. Kama ningekuwa nabishania herufi tu, ushindi ungenitosha.

Fikiria na wewe. Tunasema nembo ni ya nani? Jibu la kwanza linalokuja ni: ya aliyeanza. Sawa, lakini angalia Michigan. Helmeti zao zina mabawa ya njano mbele, na mtu yeyote anayejua mchezo huo akiyaona anasema Michigan bila kufikiri. Kocha Fritz Crisler alikuja nayo mwaka wa 1938, lakini alikuwa ameshaivalisha Princeton mwaka wa 1935 alipokuwa kocha huko. Baadaye Dave Nelson, aliyechezea Michigan chini ya Crisler, akaenda kufundisha Delaware na akapeleka mabawa yale yale. Leo vyuo vyote vitatu vinayo. Ukifuata kanuni ya aliyeanza, mashabiki wa Michigan wamekuwa wakivaa cha Princeton miaka yote. Ukisema basi ni ya anayejulikana zaidi, umesema tu kwamba mwenye nguvu achukue, na sisi huku tunajua kanuni hiyo inamwacha nani bila shamba.

Kisheria jambo hili halina utata: Packers ndio wenye alama, wengine wana ruhusa. Lakini hakuna mtu analia uwanjani kwa sababu ya hati. Uwanja wa Georgia unaketisha zaidi ya watu 90,000, na Kasarani haiwezi kuwabeba. Watu wote hao wanaposema "yetu" wanamaanisha kitu ambacho wakili hawezi kukiandika. Wanamaanisha: mimi ni mmoja wa hawa.

Na neno "sisi" ndilo lenye shida, kuliko G.

Shabiki wa Georgia atakwambia "tulichukua ubingwa 1980". Hata kama alizaliwa 2001. Hakuna anayemshangaa, maana sisi sote tunaongea hivyo. Mimi ni Arsenal, na nimewahi kumwambia mtu ndani ya mathree, kwa uso mkavu, kwamba msimu wa 2003/04 "hatukufungwa hata mechi moja kwenye ligi". Mimi na nani? Sijawahi hata kufika London. Lakini najua nilichomaanisha, na aliyenisikia alijua pia. Tunarithi furaha za watu ambao hawatujui, na sioni ubaya wowote.

Ubaya unaanza tunapochagua urithi kama nguo za belo, tukichukua kamera na kuacha zingine chini.

Mwaka wa 1961, ule ule ambao G ilichorwa Green Bay, wanafunzi wawili Weusi, Charlayne Hunter na Hamilton Holmes, waliingia Chuo Kikuu cha Georgia kwa amri ya mahakama. Walikuwa wa kwanza. Siku chache tu, umati ukafanya fujo nje ya bweni la Hunter, na chuo kikawasimamisha masomo wao wawili, eti kwa usalama wao, mpaka mahakama ikaamuru warudishwe. Miaka mitatu baadaye Anne Donaldson akachora G. Timu iliyoivaa mara ya kwanza haikuwa na mchezaji hata mmoja Mweusi. Watano wa kwanza kupewa ufadhili wa kucheza walisajiliwa 1971. Na ule ubingwa wa 1980 ambao kila mtu anauita wetu, nyota wake alikuwa Herschel Walker, kijana Mweusi kutoka mji mdogo wa Georgia hiyo hiyo. Angezaliwa miaka kumi na tano mapema, G hiyo angeiona kwenye gazeti.

Sasa ile G ya Grambling. Kocha wao Eddie Robinson alianza 1941 na akakaa hadi 1997, akashinda mechi 408. Kwa muda mrefu alipata vijana wenye vipaji vikubwa kwa sababu vyuo vikubwa vya Kusini vilikuwa vimewafungia mlango. Willie Davis alitoka kwake, akaenda kuwa nguzo ya ulinzi ya Packers wa Lombardi. Doug Williams alitoka kwake, akawa mchezeshaji wa kwanza Mweusi kuanza na kushinda Super Bowl, Januari 1988. Kwa hivyo ukiziweka helmeti hizo mbili pamoja, herufi ni moja. Lakini moja ilikaa miaka kwenye vichwa ambavyo nyingine haikuvitaka.

Je, shabiki wa leo wa Georgia ana hatia? Hapana, hakuwepo. Binamu yangu alikuwa hajazaliwa na babake alikuwa mtoto Murang'a. Lakini pia hakuwepo 1980. Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Huwezi kusema "tulishinda" kwa mambo ya kabla hujazaliwa, halafu kwa mambo mengine ya miaka ile ile useme "hao walikuwa watu wengine". Ukikaa kwenye meza ya watu ukala nyama, bili ikija usiseme ulikuwa umepita tu kusalimia. Ama "sisi" inabeba yote, ama haibebi chochote. Na sisemi shabiki alipe fidia kila Jumamosi. Nasema ajue, na akijua, asimcheke mwenye G nyingine kwamba ni feki.

Rafiki yangu mmoja nilipomwambia haya aliniambia ninaharibu mchezo. Watu wametoka kazini, wanataka kupiga kelele, wewe unawaletea historia. Ana haki kiasi. Lakini nimeona mtu anaweza kumpenda babake na kujua madeni ya babake kwa wakati mmoja. Wengi wetu tunafanya hivyo kila siku.

Na mimi je? Hili swali sikuweza kulikwepa. Mimi sina "sisi" yoyote Louisiana. Kofia yangu ilivaliwa na mtu nisiyemjua, ikatolewa, ikafungwa kwenye belo, ikavuka bahari, na nikailipia chini ya bei ya kuku nusu. Hadithi ya Robinson ni nzuri na imenigusa, lakini kuijua hakunifanyi mwana wa Grambling. Nilipompiga binamu na historia hiyo saa saba usiku, nilikuwa nimechukua mateso ya watu wengine kushinda ugomvi wa kochi la kwetu. Hiyo nayo ni aina ya kuvaa bila kuomba. Dooley, angalau, aliomba.

Siku ya kumrudisha binamu uwanja wa ndege tulikuwa wawili nyuma ya gari, foleni ya Mombasa Road imesimama. Nikamwambia yote, polepole safari hii. Nikamtajia Hunter na Holmes. Akanyamaza, kisha akasema, "Kuna jengo lina majina yao. Holmes-Hunter. Nimepita hapo miaka minne."

"Ulijua ni kina nani?"

"Niliambiwa siku ya kwanza. Nikasahau." Akatazama nje kidogo. "Lakini wewe hujui ile Septemba ya kwanza ilikuwaje. Sikuwa na mtu. Nilikuwa nakula kwa chumba, taa imezimwa, ndiyo roommate afikirie nimelala. Halafu Jumamosi moja nikaenda mechi, nimevaa hili jaketi. Mzee mzungu nisiyemjua akanikumbatia tulipofunga. Cuzo, bila hii G ningekuwa nimerudi nyumbani kabla ya Krismasi."

Sikuwa na jibu la hapo hapo. Kumbe "yetu" yake, ile niliyoisikia kama geti, kwake ilikuwa paa. Vyote viwili ni kweli, nadhani. Paa la mtu lina kuta, na walio nje wanaona kuta kwanza.

Halafu akasema kitu ambacho hajawahi kusema. "Najua wewe pia ulikuwa umekubaliwa. Mami aliniambia mwaka jana. Hiyo harambee ilikuwa yetu wawili, nikaenda nayo mimi."

"Ilikuwa ya kila mtu," nikamwambia. Na ni kweli. Kuna mama mboga wa Kahawa West ana shilingi 200 zake ndani ya lile jaketi jekundu.

Foleni ikasonga. Akaniuliza kama anitumie kofia ya Georgia, original, na nikamwambia hapana, hii yangu iko sawa. Akaivua kichwani mwangu, akaigeuza, akaitazama ndani kama mtu anayetafuta jina.

"Sasa hii ya Grambling naweza kuipata wapi?"

Nikamwambia aende Toi, Jumamosi, mapema. Na wakimwambia ni Gor, asibishane.