Fundi Tunayemkumbuka Siku ya Kuharibika

Ndugu msomaji, leo nina neno linalonihusu mimi mwenyewe kabla ya kukuhusu wewe.

Mimi ni mtu wa Masasi, lakini sehemu kubwa ya utumishi wangu niliufanyia Newala. Anayeijua Newala anajua kuwa mji ule uko juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde. Ukisimama pale Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma limelala chini yako, na ng'ambo ni Msumbiji. Mandhari ni nzuri, lakini maji yako chini. Mama zetu walikuwa wakiteremka alfajiri kuyafuata, na kuupanda mlima ule ule ndoo ikiwa kichwani na jua limekwishakuwa kali. Ndiyo maana maji yakawa yanapandishwa kwa pampu kutoka visima vya Mitema, katika bonde la Kitangari.

Nikuulize, maji yakitoka bombani, nani humtaja mwendesha pampu? Hakuna. Yakikatika siku mbili, hapo ndipo tunapokumbuka kuwa kuna mtu kule bondeni, na tunamkumbuka kwa lawama.

Dhambi hiyo nimeifanya mimi. Nilikuwa katika ofisi moja iliyoshughulika na orodha za malipo ya wakulima wa korosho. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulikuwa umekwishaanza Mtwara, tangu mwaka 2007. Mkulima anapeleka korosho chama cha msingi, zinapimwa, zinakwenda ghala kuu, zinanadiwa, kisha fedha inarudi kwake. Baina ya korosho na fedha hiyo kuna majina, kilo na namba za akaunti. Ikikosewa tarakimu moja, jasho la mwaka mzima linapotea njia.

Tulikuwa na kijana, fundi wa kompyuta. Yeye ndiye aliyehakikisha mashine zinafanya kazi, makosa yanaonekana kabla orodha haijakwenda benki, na nakala ya kila kitu inawekwa mahali pengine. Umeme ukikatika usiku wakati wa msimu, alikuja na tochi yake kuwasha jenereta. Asubuhi sisi tunakuta kazi iko tayari, tunapiga mihuri na kusaini, na pongezi ni zetu.

Kila mwaka Mei Mosi ikikaribia tulichagua mfanyakazi bora, nami nilikuwa mjumbe wa kamati. Mwaka mmoja mwenzetu akalitaja jina la kijana yule. Nikasema, na Allah anisamehe, "Huyu kafanya nini? Mwaka mzima hakuna hata kitu kimoja kilichoharibika." Wenzangu wakacheka. Cheti na bahasha tukampa mwingine.

Tazama ujinga huo! Kule kutoharibika kitu ndiko kulikokuwa kazi yake. Nilikitumia kipimo cha ubora wake kuwa hoja ya kumnyima.

Hakulalamika. Baada ya miezi michache aliniaga kwa adabu, "Mzee, nashukuru kwa yote," akaenda kutafuta kazi mjini. Msimu uliofuata mashine yenye orodha ikafa. Tukatafuta nakala, ya mwisho ilikuwa ya siku aliyoondoka. Tulirudi kwenye makaratasi, tukakesha. Wakulima walijaa mlangoni kila siku. Kuna mama mmoja alikuja mara nne, ana ada ya mtoto inayomngoja, na kila mara aliniuliza, "Baba, jina langu limeonekana?" Halikuwa limeonekana.

Ndugu zangu Waislamu, tuirejee Suratul Qasas. Nabii Musa (as) alifika Madyan mgeni, mwenye njaa, akawakuta mabinti wawili wamezuiliwa na msongamano wa wachungaji. Akawanyweshea mifugo yao, kisha akaenda zake kivulini akamuomba Mola wake. Hakudai kitu. Lakini mzee wa wale mabinti hakusema, "Maadamu hakudai, basi yameisha." Alimtuma binti akamwite ili amlipe ujira wa kuwanyweshea. Kisha binti akamshauri baba yake amwajiri, akataja na sababu: ni mwenye nguvu na ni mwaminifu. Tazama mpangilio huo. Fundi ana ikhlasi, na aliyehudumiwa anaijua haki.

Na katika Sahihi mbili, Bukhari na Muslim, imo habari ya mtu aliyekuwa akifagia msikiti wa Mtume (saw). Alipofariki, watu waliona si jambo la kumsumbua Mtume (saw). Yeye ndiye aliyeona pengo, akamuulizia, akawalaumu kwa kutomjulisha, akataka aonyeshwe kaburi lake na akamswalia. Mkuu wa umma anamtafuta mfagiaji! Sisi wakuu wa idara tumekuwa wakubwa kiasi gani hata tusijue jina la anayetuwashia mitambo?

Wapo watakaosema kuwa Muislamu afanye kazi kwa ajili ya Allah, asingoje sifa za watu. Ni kweli, na fundi ajihadhari na riyaa. Lakini maneno hayo ni nasaha kwa fundi. Bosi asiyageuze kuwa kisingizio chake. Suratul Mutaffifin imewakemea wanaojipimia kamili na kuwapunjia wengine. Tunawakemea wenye mizani ya korosho iliyochezewa, nasi tunachukua usiku wa mtu kamili na kumrudishia nusu. Hiyo nayo ni mizani mbovu.

Na wewe fundi, usijifiche. Nabii Yusuf (as) alimweleza mfalme kuwa yeye ni mlinzi mwenye elimu, kwa sababu kazi ilimhitaji anayeijua. Andika katika daftari ulichozuia na ulichotengeneza, tarehe na saa. Ukiulizwa umefanya nini, lifungue. Kueleza ukweli wa kazi yako si majivuno.

Haki ya mja haifutwi kwa istighfari peke yake, sharti umwendee mwenyewe. Nilimtafuta kijana yule kwa simu, nikamweleza nilichosema kwenye kamati, nikamuomba msamaha. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mzee, mimi nimekusamehe. Ila kuna mwenzangu mmemkalisha kwenye kiti changu. Huyo mwangalieni."

Nawe msomaji wa mjini, Ijumaa hii kipaza sauti cha msikitini kikikoroma, sote tutageuza shingo kumtafuta fundi. Kisipokoroma, basi baada ya swala mtafute vile vile. Mpe mkono, mtaje kwa jina lake, na kama kuna ujira wake umelala kwa kamati, ulizeni umelalia nini.