Bunduki Hazikuiokoa Albania

Wanaotabiri kuanguka kwa nchi za Ulaya hutaja vita, madeni au wahamiaji. Husahau kwamba Machi 1997 dola moja ya Ulaya ilianguka bila kuvamiwa na yeyote. Kisa cha Albania kinagusa swali la zamani la falsafa: dola husimama juu ya nini? Thomas Hobbes, katika Leviathan ya mwaka 1651, aliamini kwamba makubaliano ya wanadamu hayadumu pasipo mtawala wa kuogopwa. Ibn Khaldun, karibu karne tatu kabla yake, alianzia kwingine: nguvu ya dola hutokana na asabiya, mshikamano unaowafanya watu wawe tayari kuteteana, na kudhulumu mali za raia huleta maangamizi ya nchi nzima. Mimi nasimama na Ibn Khaldun.

Waalbania walitoka katika zaidi ya miongo minne ya ukomunisti wakiwa hawana uzoefu wa masoko ya fedha. Kampuni za upatu kama Sude, Gjallica na Xhaferri zikawaahidi faida ambayo hakuna biashara halali inayoweza kuizaa. Kufikia mwishoni mwa 1996 Xhaferri ilikuwa ikiahidi kurudisha fedha mara tatu katika miezi mitatu. Watu waliuza nyumba na mifugo. Takriban theluthi mbili ya wananchi waliingiza akiba zao humo, na madai yao yakafikia dola bilioni 1.2 za Marekani, karibu nusu ya pato la taifa. IMF na Benki ya Dunia zilionya, lakini serikali ya Rais Sali Berisha ilisitasita, na baadhi ya kampuni hizo zilikuwa zimechangia kampeni za chama tawala. Kwa mwananchi wa kawaida, ukimya wa serikali ulikuwa dhamana. Upatu ulipoporomoka Januari 1997, hasira haikuishia kwa wenye kampuni. Mji wa Vlorë uliasi, na tarehe 2 Machi ikatangazwa hali ya hatari. Ndipo lilipotokea jambo ambalo nadharia ya Hobbes hailielezi: jeshi halikushindwa vitani, lilitawanyika tu. Askari walikuwa watoto wa familia zilezile zilizofilisika. Maghala yakaporwa, silaha zaidi ya nusu milioni zikaingia mikononi mwa raia, na watu wapatao 2,000 wakapoteza maisha. Upanga ulikuwepo, ila hakuna aliyekuwa tayari kuushika kwa niaba ya mtawala.

Wapo watakaosema tamaa ya raia ndiyo iliyowaponza. Tamaa ilikuwepo, sikatai, lakini ipo kila nchi. Urusi ilipata kashfa ya upatu wa MMM mwaka 1994, Tanzania ikaufunga upatu wa DECI mwaka 2009, na hakuna dola iliyoyeyuka. Tofauti ni ukubwa wa hasara, na zaidi ya hapo ni kwamba nchini Albania raia waliamini kuwa serikali yao ilikuwa mshirika wa waliowaibia. Umaskini unaweza kumfanya mtu ahame au aandamane. Haumfanyi askari avue sare. Hilo huja pale anapoona kwamba kinachoomba ulinzi wake ndicho kilichomdhulumu mama yake.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wafuasi wa Hobbes: je, utulivu haukurudishwa na bunduki, yaani wanajeshi wapatao 7,000 wa Operesheni Alba, walioongozwa na Italia kwa idhini ya Umoja wa Mataifa? Sipuuzi mchango wao; pasipo wao misaada isingefika salama. Lakini kazi yao haikuwa kuwanyang'anya raia silaha, wala hawakufanya hivyo. Uchaguzi wa Juni 29 ulifanyika huku bunduki zile zikiwa bado majumbani. Kilichokuwa kimebadilika ni serikali: tangu Machi kulikuwa na serikali ya maridhiano chini ya Bashkim Fino wa upinzani, na Julai Berisha akajiuzulu. Kama dola ingekuwa ukiritimba wa nguvu pekee, Albania isingeweza kurudi kuwa dola mwaka ule, kwa sababu ukiritimba huo haukuwepo. Watu walikubali tena kutawaliwa wakiwa na uwezo kamili wa kukataa.