Sauti Iliyo Kando ya Picha

Mtu anayewaeleza wenzake picha ambayo lugha yake hawaijui ana deni gani kwao? Aseme yaliyosemwa, au aseme yatakayowapendeza? Wako watakaoliona swali hili kuwa la watu wenye nafasi ya kupoteza. Mimi siwalaumu, ila nawaomba wakumbuke kwamba mtu wa mashambani hakuijua sinema kwa majumba. Majumba yalikuwa Dar es Salaam, Tanga, Unguja na miji mingine kama hiyo. Kwa watu wa shamba sinema ilikuja kwa gari, na baadaye kwa kibanda, na mara nyingi palikuwa na sauti ya mtu mwingine iliyosimama kati ya mtazamaji na kitambaa cheupe.

Mwaka 1935 Waingereza wachache, wakiongozwa na Meja Notcutt na Bwana Latham, walianza kazi huko Vugiri, katika milima ya Usambara. Hadi mwaka 1937 walikuwa wametengeneza picha zipatazo 35 za kuwafunza Waafrika: habari za minyoo ya safura, za kodi, za kuweka akiba posta. Picha zenyewe zilikuwa bubu. Maneno yalitiwa kwenye sahani za santuri, ili picha ile ile iweze kusema Kiswahili hapa na lugha nyingine ng'ambo ya mpaka. Lori likazunguka nazo Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini.

Sasa, santuri ni msema kweli wa namna yake. Haiongezi neno wala haipunguzi. Lakini haisimami mzee anaponyosha mkono kuuliza habari ya kodi.

Wakoloni walipenda sana kusimulia kisa cha wanakijiji walioonyeshwa mbu aliyekuzwa akajaa kitambaa kizima, nao wakasema, afadhali sisi, mbu wa kwetu ni wadogo. Kisa hiki kimesimuliwa juu ya nchi nyingi mno za Afrika, hata wanahistoria wamekitilia shaka. Mimi naona kama kweli yuko mzee aliyesema hivyo, basi huenda alikuwa anatania, na bwana mwenye gari hakujua kuwa anataniwa.

Baada ya Uhuru serikali yetu nayo ilituma magari ya sinema vijijini, na Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoundwa mwaka 1968, ilitengeneza picha kama Fimbo ya Mnyonge, iliyohusu vijiji vya ujamaa. Sauti ilikuwa imepata mwenyewe mpya, naye alikuwa mwenzetu, na hilo si jambo dogo. Hata hivyo bado ilitoka upande mmoja.

Kisha vikaja vibanda vya video: jenereta, televisheni moja, mabenchi, na vijana waliobanana. Hapo ndipo alipozuka mtafsiri. Dar es Salaam alivuma marehemu Lufufu, na wengi waliiga kazi yake. Mtafsiri wa namna hii hakutafsiri tu. Aliwapa Wachina na Wamarekani majina ya mitaani, akaingiza methali, akamtania aliyechelewa kuingia.

Nakumbuka jioni moja ya baridi, hapa Sumbawanga, katika picha ambayo mama wa steringi anafariki kitandani. Mtafsiri alisema, "Amelala, dawa imeanza kufanya kazi." Mwalimu mmoja aliyekijua Kiingereza akasimama: "Jamani, huyo mama amekufa." Kibanda kizima kikamzomea. "Kaa chini, mwalimu! Wewe umelipa kiingilio kama sisi!" Mtafsiri akacheka, akasema, "Basi mwalimu amemuua mama wa watu."

Nani alikuwa na haki? Mwalimu alisema kweli, na sikubaliani na wanaodai kwamba kweli si kitu penye burudani. Mtu aliyelipa kuona picha asipewe picha nyingine bila kuambiwa. Lakini kila mtu mle ndani alijua kwamba mtafsiri huongeza chumvi. Alikuwa hapo, ana uso, anaweza kubishiwa na kuzomewa. Uongo wake ulikuwa mezani. Ile santuri ilisema maneno sahihi, na haikuonyesha ni nani aliyetaka tuyasikie. Kwa kipimo changu mtafsiri alikuwa na kosa dogo kuliko santuri, ingawa kosa analo, hasa kwa yule mtazamaji mgeni ambaye hajui mchezo wa kibanda.

Siku hizi kijana wa Sumbawanga aweza kuangalia picha iliyotafsiriwa kwenye simu yake, amejifunika blanketi. Sauti ya mtafsiri ni ile ile ya mizaha na chumvi. Imekwisha kurekodiwa, naye anaisikiliza peke yake, bila mwalimu wa kusimama wala watu wa kumwambia akae chini.