Ukilia, Toka

Kazi ya kuosha maiti niliirithi kwa shangazi yangu, hapahapa Tanga, mwaka 1989. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alinipa ndoo, akanionyesha namna ya kumsitiri maiti toka kitovuni hadi magotini na namna ya kujizungushia kitambaa mkononi kabla ya kumsafisha. Kisha akanipa sharti moja: chumba cha kuoshea si pahala pa kulia. Chozi likimdondokea maiti, linamuumiza. Tangu siku hiyo nimewauliza mashekhe wawili watatu, hakuna aliyenionyesha hilo lilikoandikwa. Nami nililishikilia miaka yote hiyo kama aya.

Mwaka 2003 nilimwosha shangazi mwenyewe. Halikunidondoka hata moja, na nilijiona mtu kweli.

Basi, miaka ya karibuni akanijia binti mmoja aliyefiwa na mama yake kwa saratani. Alitaka amwoshe kwa mikono yake. Ni haki yake. Jamaa wa karibu ndiye anayestahiki zaidi. Nikamsimamisha mlangoni. "Karibu, mwanangu. Lakini ukilia, toka."

"Sawa, Bi mkubwa."

Hakulia. Alimimina maji ya majani ya mkunazi taratibu, kama anayeogopa kumwamsha. Maji ya mwisho tukatia karafuu maiti. Tukafika kwenye nywele. Nywele za mwanamke husukwa mafungu matatu. Ndivyo Umm Atiyya na wenzake walivyomsuka Zainab, binti wa Mtume, alipofariki Madina mwaka wa 8 Hijria. Sasa mama huyu nywele zilikuwa zimepukutika kwa dawa, zimebaki laini, chache, kama za kichanga. Binti akazigawa tatu hivyo hivyo. Vidole vinamtetemeka, mdomo ameung'ata. Tulipotoka nikamsifu mbele ya watu: mtoto huyu ana subira.

Arobaini ilipopita akaja kwangu alasiri moja kunirudishia mkeka. Nilikuwa nachambua mchele. "Shikamoo, Bi mkubwa." "Marahaba, mwanangu, kaa." Akakaa, akatazama ungo kwa muda mrefu, kisha akasema, "Siku ile ulinikataza. Sasa nikiyataka, hayaji."

Nikamjibu kwa mazoea: "Subira, mwanangu." Akaniaga kwa adabu, akaondoka.

Neno langu mwenyewe likanikaba. Sura ya Yusuf nimeisoma tangu niko chuoni, na neno hilo la subira tunalowatupia wafiwa tumelipata kwa Yaaqub, baba yake Yusuf. Lakini Yaaqub huyo huyo alimlilia mwanawe hata macho yakageuka meupe kwa huzuni. Wanawe wakamlaumu kwamba atajimaliza. Akawajibu kuwa majonzi yake anampelekea Mungu, hawapelekei wao. Subira na machozi vilikaa ndani ya mzee mmoja wala havikugombana. Sisi tumechukua neno lake, macho yake tumeyaacha.

Na Mtume je? Mwanawe Ibrahim alikata roho hajatimiza hata miaka 2, na macho ya baba yakatiririka mbele ya watu. Abdurrahman bin Auf akashangaa, kwamba hata yeye? Akajibiwa kuwa hiyo ni rehema. Kilichokatazwa ni kupiga mayowe, kujipiga mashavu, kuchana nguo. Umm Atiyya yule yule wa nywele alikuwa miongoni mwa wanawake walioahidi kutoomboleza kwa mayowe. Mimi, kwa uhodari wangu, niliyatia machozi na mayowe kapu moja.

Nilipomsimulia jirani yangu, ambaye ni Mkristo, akaniambia kuwa Yesu naye alilia pale Bethania kwenye msiba wa Lazaro, hali anajua kwamba punde tu atamfufua. Nililala na hilo. Ikiwa anayejua mwisho wake mzuri bado analia, basi machozi hayawezi kuwa dalili ya imani haba.

Kwa nini basi tunakimbilia kusema "nyamaza"? Nikiwa mkweli, siku ile sikuwa namlinda maiti. Kaburi lilishachimbwa, wanaume wanakohoa nje tuharakishe. Lakini hata hilo ni kisingizio. Niliogopa kwamba akianza yeye, nitafuata mimi, na ya kwangu yalikuwa yamerundikana tangu 2003. Nyamaza ile nilijiambia mwenyewe, nikampa binti wa watu aibebe.

Lugha yetu imenizidi akili hapa. Kulia mtu hulia peke yake. Ukisema kulilia, ameshaingia mtu wa pili. Mtoto humlilia mama aliye sokoni ili arudi. Humlilia mama aliye kaburini, na harudi. Neno ni lilo hilo. Naona hata kile kilio cha pili kinamtaka mtu aje, na kwa kuwa anayeitwa hawezi, sharti aje mwingine.

Ilinichukua siku kadhaa kuvaa baibui na kwenda. Nilimkuta uani, kichwa kitimtim, hajakigusa kitana tangu msiba. Sikuomba radhi, nilikuwa nimeyapanga maneno njiani, yakanipotea mlangoni. Nikavuta kigoda, nikamwambia aje nimsuke. Akakaa chini mkekani, mabega kati ya magoti yangu.

"Nikusuke nini?"

"Twende kilioni tu, Bi mkubwa."

Ni msuko wa haraka huo, wa anayewahi mazikoni, hata mkono wa kizee unaumudu. Njia ya kwanza ikanyooka. Ya pili nikaanza kuipoteza. Naiona, kisha siioni. Likamdondokea shingoni. Akatulia. Nikangoja aniambie ninyamaze, maana ilikuwa zamu yake. Akainamisha kichwa kidogo, nipate kufika vizuri kisogoni.